Mfuko wa Mbolea Ulianza Kama Jiwe: Namna ya Kuwafundisha Watoto wa Shule Miamba na Madini

Leo naweka pembeni viwavijeshi na bei ya mahindi, tuzungumze mawe. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Subirini kwanza.

Wengi wenu mashamba yenu yapo jirani na shule ya msingi, na mwalimu keshawahi kukuomba uje siku moja uongee na watoto. Ukamjibu, "Mwalimu, mimi si msomi wa kufundisha." Mimi huku Mbozi huwa naitwa na walimu wa darasa la tano na la sita wakifika kwenye mada ya miamba na madini, na kwa nilivyoona, mkulima wa kibiashara ana vifaa vya kufundishia mada hii kuliko stoo ya shule. Una mfuko wa chokaa, una mbolea za aina tatu nne, una majibu ya kipimo cha udongo, una shimo la kisima lililotapika mawe ya kila rangi. Shule ina ubao na chaki. (Hiyo chaki nayo ni jiwe, tutafika huko.)

Basi nitaeleza ninavyofanya mimi, ili ukiitwa uende. Na humo njiani utaona kwamba nusu ya somo ni lako mwenyewe, maana hela nyingi zinapotea shambani kwa sababu mtu hajui kilichomo kwenye unga alionunua.

Tatizo la mada hii ni kwamba watoto wanaijua kwa mdomo. Waulize makundi ya miamba, darasa zima linaimba: miamba moto, miamba tabaka, miamba geuzi. Waambie sasa tokeni nje mniletee mmoja wowote, wanatazamana. Simlaumu mwalimu, darasa limejaa na vitabu havitoshi. Lakini jiwe halijifunzi kwa kuimba. Kwa hiyo sharti langu la kwanza, nalituma siku moja kabla: kila mtoto aje na jiwe moja, ukubwa wa yai la kuku, na awe na uwezo wa kusema kaliokota wapi. Mtoni, shambani kwa baba, kwenye mkato wa barabara, popote. Asiyejua alikolitoa, arudi akatafute lingine.

Wakishafika tunayamwaga chini na kuyapanga, bila majina ya kitaalamu. Wapange wanavyotaka wao: mazito na mepesi, yenye mistari, yenye kung'aa, yenye chembechembe. Hapo utashangaa, watoto wanaona vitu ambavyo sisi wakubwa tumeshazoea kuvipita. Baada ya hapo ndipo tunaanza maneno.

Tofauti ya mwamba na madini naieleza kwa makande. Mwamba ni sufuria ya makande. Madini ni mahindi na maharage yaliyomo ndani. Chukua jiwe la graniti, liloweshe maji, lisogeze juani. Utaona punje za kioo cha kijivu au cheupe, hizo ni kwatsi. Utaona vipande vya rangi ya maziwa au waridi, hizo ni feldispa. Na vile vimagamba vinavyomeremeta ni ulanga. Jiwe moja, madini matatu. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake, hutamwuliza mara mbili.

Makundi matatu nayo yanataka mifano ya nyumbani. Miamba moto ni uji wa moto kutoka chini ya ardhi uliopoa na kuganda, kama sukari guru inavyoganda ikiepuliwa. Miamba tabaka ni mchanga, tope au mabaki ya viumbe yaliyolundikana tabaka juu ya tabaka, yakakandamizwa mpaka yakashikana. Kwa miamba geuzi natumia tofali, maana huku kila kijiji kina tanuru. Tofali bichi ukiliweka kwenye maji linarudi kuwa tope. Likishapita kwenye moto, halirudi tena, ingawa udongo ni ule ule. Mwamba nao ukibanwa na kupashwa joto chini ardhini hubadilika sura kwa namna hiyo. Hapa namaliza makundi, siwachoshi.

Sasa tunaingia kwenye vipimo, na hapa ndipo darasa linaamka.

Cha kwanza ni kukwaruza. Mwaka 1812 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, alipanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, kwamba kila gumu linakwaruza laini. Almasi ndiyo 10. Huhitaji kifaa cha maabara. Ukucha wako upo kama 2.5, waya wa shaba kama 3, kioo cha chupa kama 5.5. Jasi ni 2, kwa hiyo inakwaruzwa na ukucha. Kalisaiti, ambayo ndiyo madini yanayojenga jiwe la chokaa, ni 3. Ukucha hauiwezi lakini msumari unaipasua mstari. Kwatsi ni 7, inakwaruza chupa. Laza chupa chini, ishike vizuri, usimpe mtoto kipande cha kioo mkononi.

Cha pili ni sumaku, itoe kwenye spika ya redio mbovu. Ipitishe kwenye mchanga mweusi wa mtoni uliokauka, uone chembe zinavyoruka na kunata. Hiyo ni chuma. Sisi wa Mbozi tuna bahati ya kwenda mbali zaidi, kwa sababu kimondo kipo hapa hapa Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi. Kina uzito wa tani 16 hivi, sehemu kubwa ni chuma, karibu asilimia 90, na kingine kingi ni nikeli. Wenyeji walikijua, ila habari zake zilisambaa nje mwaka 1930. Kama shamba lako lipo wilaya hii na una gari la kubeba mazao, mbebe mwalimu na watoto wake siku moja mkakione. Jiwe lililotoka angani halihitaji mhadhiri.

Cha tatu ni limau, na hapa nitakaa kidogo.

Kamulia limau au siki juu ya ganda la yai lililosagwa. Linatoa povu, kwa sababu ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichopo kwenye jiwe la chokaa. Weka tone kwenye jiwe la chokaa lililokwaruzwa, povu. Weka kwenye kwatsi, kimya. Sasa chukua chaki ya ubaoni. Watoto wote watasema itatoa povu kwa sababu ni nyeupe. Chaki nyingi za shuleni zinatengenezwa kwa jasi, na jasi haitoi povu. Ikitoa, basi hiyo yenu ni ya kalsiamu kaboneti. Ndipo wanapojifunza kwamba weupe si ushahidi.

Na wewe mkulima, sikiliza hapa. Udongo mwingi wa mashamba yetu una tindikali. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imelala kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi unayoweka inashikwa na udongo, mmea hauipati. Unaweka DAP mfuko baada ya mfuko, mahindi yanabaki na majani ya zambarau. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani jiwe la chokaa au dolomaiti iliyosagwa. Kaboneti ile inayotoa povu kwenye limau ndiyo inayotuliza tindikali ya udongo. Jasi ni unga mweupe pia, ina kalsiamu pia, karanga zinaipenda sana wakati wa kujaza maganda. Lakini haipandishi pH.

Kuna mzee mmoja huku alinunua mifuko 20 ya unga mweupe kutoka kwenye gari lililopita kijijini. Aliambiwa ni chokaa, bei nzuri, hana hata risiti. Binti yake alikuwa darasa la sita, tulikuwa tumefanya somo la limau wiki hiyo hiyo. Akachukua kijiko cha ule unga, akakamulia limau. Kimya. Akajaribu na mfuko wa pili, kimya. Baba akamfukuza aache kuchezea vitu vya hela, lakini usiku hakulala. Asubuhi akaja ofisini na unga kwenye kopo la kimbo, mtoto nyuma yake na limau mfukoni. Tukarudia wote watatu. Tukapeleka sampuli maabara, jibu likaja kuwa ni jasi. Shamba lake lilikuwa na pH 4.8 na alikuwa amekodi vibarua wa kumwaga siku mbili mbele. Angemwaga mifuko yote 20, angepanda maharage, na mwezi wa tatu angesema chokaa ni uongo wa maofisa ugani. Unga ule ukaenda kwenye karanga. Gari halikuonekana tena.

Lakini tusidanganyane, limau si maabara. Dolomaiti safi inatoa povu kidogo na polepole, hasa kama ni punje na si unga. Ukiona hivyo usikimbilie kusema ni feki. Majivu nayo yanatoa povu. Kwa hiyo povu linakuambia kuna kaboneti, halikuambii ni nyingi kiasi gani wala imesagwa laini kiasi gani, na ulaini ni jambo kubwa kwenye chokaa. Ukosefu kamili wa povu ndio unaotakiwa kukusimamisha kabla hujalipa.

Kutoka hapo kuwapeleka watoto kwenye mfuko wa mbolea ni hatua moja. Nabeba mbolea kidogo kwenye vikopo vyenye vifuniko, nashika mimi mwenyewe kwa glavu, watoto wanatazama. Swali ni: kipi kati ya hivi kilikuwa jiwe?

Fosforasi ilikuwa jiwe. Mfano wetu wa nyumbani ni Minjingu, jirani na Ziwa Manyara. Zamani ziwa lilikuwa kubwa zaidi, ndege wa majini waliokula samaki walikaa pale vizazi na vizazi, kinyesi na mifupa vikalundikana vikawa mwamba wa fosfeti. Watoto wanacheka sana wakisikia hivyo, na hawasahau. Kwako mkulima kuna la kushika: fosfeti ya mwamba iliyosagwa tu inahitaji tindikali ya udongo ili iyeyuke. Kwenye udongo mchachu inafanya kazi vizuri, kwenye udongo wenye pH ya juu inalala. Ukimwaga chokaa nyingi halafu hapo hapo ukaitegemea fosfeti ghafi, umeifungia mlango mwenyewe.

Potasiamu ilikuwa chumvi ya bahari za kale zilizokauka, ikafukiwa, leo inachimbwa nchi kama Kanada na Belarusi. Ndiyo maana vita au vikwazo huko vinagusa bei kwenye duka la pembejeo Vwawa.

Urea je? Watoto wote watasema jiwe. Hapana. Naitrojeni yake imetoka hewani, maana hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, na kiwandani inaunganishwa kwa kutumia gesi asilia. Halafu CAN ni mchanganyiko: naitrojeni ya kiwandani na, mara nyingi, chokaa au dolomaiti ya kusaga. Ukiweka tone la siki kwenye punje iliyopondwa unaweza kuona vipovu. Kwa hiyo usichanganye chokaa na urea au SA siku moja shambani, naitrojeni itapaa kama harufu ya mkojo na hela yako itaondoka nayo.

Kipimo cha mwisho ni cha chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa safi ya plastiki, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iweke dirishani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja mbili. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unakaa unaelea hadi kesho yake. Wakirudi asubuhi wanapima tabaka kwa rula. Hapo unawarudisha kwenye yale makande: kwatsi haikubali kuoza, ndiyo mchanga. Feldispa imeoza kwa maji na muda, ndiyo mfinyanzi. Udongo wa shamba ni jiwe lililochoka.

Na mawe hayachoki sawa. Ukienda Rungwe, udongo umetokana na majivu ya volkano, kwa kuhesabu miaka ya miamba ni wa juzi tu, bado una chakula cha kutoa, ndiyo maana ndizi na chai vinastawi vile. Huku kwetu miamba mingi ni geuzi ya kale sana, mvua imeisuuza kwa muda mrefu, kilichobaki ni wekundu wa chuma na mfinyanzi wenye ghala dogo la virutubisho. Kijana anayenakili mpango wa mbolea wa mwenzake wa Tukuyu kwa sababu kauona kwenye simu, ananakili jiwe lisilo lake.

Lazima niseme kuhusu dhahabu, maana watoto watakuuliza usipoisema. Kila darasa kuna mmoja anayemtaja Laizer, yule mchimbaji wa Mererani ambaye Juni 2020 aliuza tanzanaiti mbili, moja kilo 9.27 na nyingine kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Ni kweli, na sioni sababu ya kuwaficha. Lakini nawaonyesha pia kinachong'aa bila thamani. Ulanga ni mwepesi na unabanduka vigamba kama kitunguu. Lile jiwe la njano linaloitwa dhahabu ya wajinga, ukiligonga kwa nyundo linapasuka na kuwa unga mweusi. Dhahabu ukiigonga inabonyea na kutandaa, na ni nzito karibu mara 19 ya maji. Nimemwona kijana mwenye ekari tatu za kahawa akiuza pikipiki ili anunue gunia la mawe yenye ulanga. Nyundo ya dakika moja ingemwachia pikipiki yake.

Huku kwetu machimbo ya Chunya na ya wilaya ya Songwe hayapo mbali, na wapo watoto wanaoacha shule wakafuata karasha. Kwa hiyo nasema wazi: hakuna kuingia kwenye mashimo, hakuna kushika zebaki wala kukaa karibu na anayeichoma. Mvuke wake hauonekani, unaharibu ubongo na figo, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Hii si mada ya mtihani, lakini ndiyo naisema taratibu kuliko zote.

Masharti mengine ya usalama ni ya kawaida. Jiwe haligongwi karibu na uso. Funga kwenye kipande cha gunia kwanza. Hakuna kuonja wala kulamba, na wale wanaopenda udongo wa kula waambiwe siku hiyo wanaacha. Siki na limau visiguse macho. Mikono inaoshwa kwa sabuni mwishoni.

Ukitaka wafanye kitu kikubwa zaidi, wachukue sampuli ya udongo wa shamba la shule, au la kwako. Ndoo ya plastiki safi, jembe, watembee zigizaga, wachimbe sehemu 15 hivi kwa kina cha sentimita 20, wakwepe kichuguu, lundo la samadi na njia ya ng'ombe. Wachanganye, wakaushe kivulini, watoe kama kilo moja, waandike jina la shamba na tarehe. Peleka kituo cha utafiti kama TARI Uyole pamoja na ya kwako. Fanya hivyo mwezi wa sita au wa saba, kwa sababu chokaa inataka miezi kadhaa ardhini kabla ya kupanda, na mvua zetu zinaanza Novemba. Majibu yakirudi, yasome mbele ya darasa. Mtoto aliyechimba lile shimo la tatu atataka kujua namba yake.

Vipindi viwili vinatosha, kimoja cha mawe na vipimo, kingine cha kusoma chupa na mbolea. Ongea na mwalimu mkuu mapema, mwalimu wa somo awepo muda wote, na umwachie limau, sumaku na msumari vibaki shuleni. Mawe mazuri yaingie kwenye boksi la darasa, kila moja likiwa na kikaratasi: jina la aliyeliokota, mahali, tarehe, na kama lilitoa povu au lilikaa kimya.